Wingu la Waridi Juu ya Mabati ya Senene

Kila anayekuja studio kwangu Miembeni, Bukoba, kupiga picha ya pasipoti siku hizi anakaa kwenye kiti, ananyoosha kola, halafu badala ya kutazama kamera ananitazama mimi na kuuliza: "Hivi kule Ngenge ilikuwaje?" Picha zinatoka watu wamefungua midomo. Nimerudia kupiga mpaka nimechoka. Naandika mara moja, asome anayetaka, na mkija tena mje mmefunga midomo.

Mnada wa mavuno

Kazi yangu ya mchana mnaijua: harusi, kipaimara, pasipoti, na misiba pale ndugu wanapoomba. Kazi yangu ya pili ndiyo inayonivunjia heshima. Nina darubini ndogo inayoenea kwenye begi la shule. Nyuma yake nafunga kamera isiyojua rangi, inaona nyeusi na nyeupe tu, na kati ya hivyo viwili naweka filta, kioo kidogo chenye upana wa kifuniko cha soda. Filta hiyo inazuia mwanga wote wa dunia na kuruhusu wekundu wa aina moja tu, ule unaotolewa na gesi ya haidrojeni inayong'aa huko katikati ya nyota. Gesi hiyo imekaa mawingu mawingu. Macho hayayaoni hata ukodoe mpaka utokwe machozi, lakini ukiiacha kamera wazi kwa dakika tano, halafu tano nyingine, na nyingine tena, wingu linajitokeza.

Februari nilikwenda kupiga harusi Karagwe, na usiku, bibi harusi akiwa ameshalala, nikalipata wingu linaloitwa Waridi. Liko pembeni mwa kundi la nyota la Jabari, duara kubwa lenye tundu katikati. Nililipaka wekundu wake kwenye kompyuta, nikalitia fremu, na siku ya mavuno nikalipeleka kanisani liuzwe mnadani pamoja na ndizi na majogoo, kama Walutheri wote wa Kagondo kwetu tunavyofanya.

Sasa mjue na baba yangu, kwa wachache ambao hakuwahi kuwachapa. Ni Mwalimu Rutashobya, mwalimu mkuu mstaafu, mzee wa kanisa, mtu ambaye hajawahi kufuta kauli tangu ajifunze kusema. Mimi namwita Tata. Wiki moja kabla ya mnada, dada yangu alimwonyesha kwenye simu picha za Waridi zilizopigwa na watu wa nchi nyingine, na zote zilifanana na yangu. Ndugu zangu, Tata amesahihisha mitihani maisha yake yote. Kichwani mwake karatasi mbili zikifanana, kuna mmoja aliyechungulia.

Mnadi alikuwa ameshainua fremu yangu juu. Tata akasimama.

"Hiyo ishushe. Mali ya wizi haiuzwi hapa."

Fremu ikashushwa, akainuliwa jogoo. Nilibaki nimekaa pale na suti yangu mpya, na akina mama wa kwaya wananitazama kama mtu aliyekutwa na sadaka mfukoni. Baadaye nilimfuata nyumbani kumweleza kwamba anga ni moja, na atakayelipiga Waridi, awe wa hapa au wa kwingine, atapata Waridi lilelile.

"Hata wanafunzi walikuwa wananiambia hivyo," akasema. "Kwamba swali lilikuwa moja."

Ningevumilia, ila aliongeza kwamba Krismasi kaka zangu wakija na wake zao kutoka Dar na Mwanza, atalisema jambo hilo mezani, mbele ya wote, ili lisije likaota mizizi. Mimi ni kitinda mimba. Kaka zangu wana magari na vitambi, mimi nina jina langu tu, na sasa lilikuwa linakwenda kugawiwa pamoja na pilau. Nikamwambia: "Tata, kabla ya Krismasi twende wote mahali penye giza. Nitalipiga mbele ya macho yako."

"Nitasimamia," akajibu palepale.

Wala hakusema nitakusindikiza. Alisema nitasimamia, na kesho yake nikamkuta ananoa penseli.

Bukoba hadi Muleba, kwa mwendo wa maiti

Ngenge aliichagua Tata. Alikuwa na mwanafunzi wake wa zamani huko, Ma Koku, mkulima, na alisema ni bondeni, nyumba ni chache na giza ni la kutosha. Namba yake ya simu nikampa dereva wetu, Bilali, aulizie hali ya barabara.

Bilali ni jirani yangu Miembeni, ana Probox ambayo imebeba kila kitu isipokuwa ng'ombe mzima. Babu yake alitoka Tanga, na kwa sababu hiyo Bilali anajiona mwenye adabu za pwani, ingawa bahari hajaiona. Alirudi amefurahi. "Nimewaeleza vizuri, wala usihofu. Nimewaambia wazee wanakuja na mitambo ya kazi ya usiku, wanataka mahali pa wazi pasipo na miti. Wamesema watatuandalia." Nikamshukuru. Leo nikikumbuka nilivyomshukuru natamani kujizaba kofi.

Tulitoka Kagondo asubuhi. Tata alivaa suti, tai na viatu vyeusi vilivyong'aa, akabeba kiti chake cha kukunja kwa sababu, alisema, msimamizi hakai chini. Vifaa vyangu viliwekwa nyuma: darubini, kamera, kompyuta, betri ya gari, na kile kifaa kinachoizungusha darubini polepole ili isiachwe na nyota.

Ingekuwa safari ya mtu mwingine yeyote, tungefika Muleba kabla njaa haijauma. Lakini Tata amefundisha kila shule iliyo kwenye barabara ile. Kemondo tulisimama kusalimia mwanafunzi. Muhutwe tulisimama kusalimia wanafunzi wawili, ndugu, ambao walikuwa hawasemeshani, na ilibidi Tata awapatanishe. Kila nyumba ilileta akamwani, zile buni kavu za kutafuna tunazompa mgeni kabla hajasema lolote. Kufika kituo cha tatu moyo wangu ulikuwa unadunda kwa kahawa, na Bilali alikuwa anaongea bila koma.

Mbele kidogo askari wa barabarani alitusimamisha, kijana mpole, akafungua nyuma na kuigusa darubini kwa kidole.

"Hili bomba la nini, mzee?"

Kabla sijafungua mdomo Tata akashusha kioo. "Mwanangu anadai anapiga picha za mawingu. Mimi ni msimamizi."

Askari aliinua macho. Upande wote wa ziwa ulikuwa umejaa mawingu meusi ya Desemba. Akanitazama kwa huruma ya kweli. "Sasa mbona unayaacha hapa unayafuata mbali?"

"Hata mimi nimemuuliza," akasema Tata.

Nikaanza kueleza habari za haidrojeni. Askari alisikiliza mpaka nilipofika kwenye filta, halafu akamwambia Bilali aende, taratibu, na amwangalie mgonjwa.

Mvua ilitukuta mbele ya hapo. Tairi nalo likatoboka, na Bilali akagundua kwamba spea alikuwa amemwazima shemeji yake. Tulikaa ndani ya gari tukisubiri tairi lirudi kwa bodaboda kutoka kwa fundi. Tata alitumia muda huo kunisomesha tofauti ya kunakili na kurejea. Giza lilipoingia ndipo tulipoziona taa za Muleba.

Muleba, tulipolala bila kupanga

Tulipata nyumba ya wageni yenye chumba kimoja cha vitanda viwili. Bilali alichagua kulala garini, na baadaye nilijua sababu. Chakula kilikuwa kizuri, hilo sitalificha: ebitoke, ndizi zetu, zilizopikwa na maharage, na samaki mkavu aliyerowekwa mpaka akalainika. Mama mpishi alipoona tai ya Tata alimwongezea kipande. Mimi alinipimia.

Kabla ya kulala Tata alipiga magoti na kusali kwa sauti. Aliombea safari, akaombea Ngenge, akamwombea Bilali ambaye ni Mwislamu ili naye afike salama. Kisha akasema: "Na mwanangu Mujuni, Bwana, aache kuchukua visivyo vyake."

Chumba kilikuwa kidogo, vitanda vimekaribiana. Akabaki amefumba macho anasubiri. Sikujua kama ukikataa kuitikia sala ya baba yako unamkosea yeye au Mungu. Nikasema amina, na moyo uliniuma kuliko nilivyotegemea. Mtu wa miaka arobaini na moja, mwenye watoto, nalala kitanda cha mbao Muleba nimeitikia amina kwamba mimi ni mwizi.

Asubuhi nilielewa kwa nini Bilali alilala garini. Ulikuwa msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, na usiku alikuwa amenunua ndoo nzima ya senene hai apeleke kwa mke wake. Ndoo aliifunika kwa shati, shati likateleza, na wakati yeye anakoroma senene walitawanyika Probox nzima. Walikuwa kwenye usukani, kwenye kiti cha Tata, ndani ya begi la darubini. Niliwatoa mmoja mmoja. Bilali alikuwa nyuma yangu akiwaokota na kuwarudisha ndooni, na kila nilipomfinya mmoja kwa hasira alisikitika kama nimemmwagia mchuzi.

Muleba hadi Ngenge

Tuliiacha lami na kuanza kushuka. Migomba ilipungua, nyasi zikaongezeka, na barabara ikawa uji. Tulikwama mara mbili. Mara ya kwanza mimi na Bilali tulisukuma huku Tata akiwa ameshika kiti chake pembeni na kutuelekeza. Mara ya pili Tata alisukuma pia, kwa sababu alikuwa ameshaona, alisema, makosa yetu ya mara ya kwanza. Viatu vyeusi vikaisha hapo.

Mwilini mwangu bado kulikuwa na wasiwasi wa buni za jana, na humo humo kukaingia wasiwasi wa kweli. Nilikuwa na usiku mmoja tu. Kesho yake Tata alikuwa na kikao cha wazee wa kanisa, na baada ya hapo ilikuwa Krismasi. Mawingu ya mvua yakitanda, basi. Ningekaa mezani na kaka zangu nikatajwa.

Ma Koku alitupokea getini, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu wa ng'ambo ya bonde. Alimpigia Tata magoti matopeni kumwamkia kwa Kihaya.

"Kaboneka waitu, Mwalimu wangu!"

"Inuka, mwanangu. Unakumbuka mito mikuu ya Afrika?"

Akaitaja yote, palepale alipopiga magoti. Tata akatikisa kichwa kwa kuridhika na kunigeukia: huyo hakuchungulia.

Kijiti cha Tata

Nataka niseme jambo moja bila mzaha, maana nimemsema sana mzee wangu. Kifaa cha kuzungusha darubini lazima mhimili wake uelekezwe kwenye ncha ya anga, pale ambapo nyota zote zinapazunguka. Walikotengeneza kifaa changu ncha hiyo iko juu hewani na ina nyota ya kuionyesha. Kwetu hapa, karibu kabisa na ikweta, ncha ya kusini imelala chini, juu kidogo ya upeo wa macho, nyuma ya migomba ya watu, na hakuna nyota ya maana hapo. Kifaa chenyewe kinagoma kulala chini kiasi hicho, kwa hiyo fundi seremala wa Kagondo alinichongea kabari ya mti. Hata hivyo kusini yenyewe huwa naikisia kwa dira ya simu, na simu hudanganya. Karagwe nilikuwa nimepoteza nusu ya usiku kwa sababu hiyo.

Nilipokuwa nahangaika na simu, Tata alikuwa ameshachomeka kijiti kwenye ardhi tupu ya uwanja. Alikuwa anaweka vijiwe kwenye ncha ya kivuli. Watu waliokuja kututazama wakamzunguka.

"Saa sita imepita, mzee," akasema Bilali. "Umechelewa."

"Saa sita ni ya saa yako. Saa zetu wamezipangia mashariki huko, jua halikuulizwa. Hapa kwetu jua linafika katikati saa saba kasoro." Akaendelea kuweka vijiwe. Kivuli kilifupika, kikafupika, halafu kama saa saba kasoro dakika kumi kikaanza kurefuka. Tata akachora mstari kwa penseli yake, kutoka kwenye kijiti hadi kwenye kijiwe cha karibu kuliko vyote. "Hiyo kaskazini. Kusini ni huku nyuma. Weka chombo chako."

Nikakiweka juu ya mstari. Usiku ule nyota hazikuteleza hata kidogo. Miaka miwili nahangaika na simu, na jibu lilikuwa kwenye somo la jiografia ambalo mwalimu wake ananiita mwizi. Nilijisikia fahari na hasira kwa pamoja.

Mabati

Mvua ilinyesha jioni, ikakatika. Mawingu yakapasuka, nyota zikatoka bondeni kwote, na giza lilikuwa zuri mpaka nikataka kulia. Nilikuwa nafunga filta Ma Koku alipoita jina la mtu, jenereta likanguruma, na uwanja mzima ukawaka.

Ndugu zangu, hizo taa. Zilikuwa nne, juu ya miti mirefu, kali mpaka niliona mifupa ya mkono wangu. Mbele yake mabati mapya yalisimamishwa wima, chini ya mabati mapipa, na kando majani mabichi yakifukizwa moshi. Wanaokaa Kagera wameshaelewa. Mtego wa senene, na katikati yake nafasi iliyofagiwa vizuri, ya mitambo yetu. Maneno ya Bilali haya: wazee wanakuja na mitambo ya kazi ya usiku, wanataka mahali pa wazi pasipo na miti. Mwezi wa Desemba. Wangeelewa nini kingine?

Nilimfuata Ma Koku. "Mama, nashukuru sana, ila mimi nahitaji giza."

"Giza la nini?"

"La kazi yangu."

"Mtoto wa Mwalimu ana kazi gani ya gizani?"

"Sikuja kukamata senene, mama. Napiga picha angani. Naomba tuzime kidogo tu."

"Mawe!" akashangaa kwa Kihaya, akashika kiuno. "Mwalimu wangu anakuja kwangu mara ya kwanza, nimkalishe gizani kama mtu aliyekuja kuiba? Majirani watasemaje?"

Kwenye neno hilo Tata alikohoa. Alikuwa ameshakunjua kiti, amekaa, daftari gotini.

"Ma Koku, usizime hata moja," akasema. "Yeye ameniambia filta yake inazuia mwanga wote wa dunia. Basi na izuie."

Nilitaka ardhi inimeze. Ni kweli niliyasema hayo, tena kwa madaha, lakini sikuwahi kuyajaribu. Nilikuwa mtu anayehubiri habari za filta na moyoni hamwamini. Kila mara nilikimbilia gizani kwanza. Nikaielekeza darubini kwa Jabari, nikasogeza hadi mahali pa Waridi, nikafungua kamera kwa dakika tano.

Hizo ndizo dakika tano ndefu kuliko harusi yoyote niliyopiga. Senene walimiminika. Waligonga mabati, wakaanguka mapipani, wakatua kichwani kwangu na kwenye mdomo wa darubini. Ma Koku alinionea huruma, akaja akasimama na kanga yake akiwapepea wasiingie. Bilali alikuwa anajaza ndoo ya pili. Tata hakupepesa.

Picha ikatokea kwenye kompyuta. Kwanza niliona nyota. Kisha katikati yake, kwa kijivu hafifu, duara lenye tundu. Waridi. Chini ya taa nne za senene, ndani ya moshi. Nilipiga kelele, Ma Koku akapiga kigelegele bila kujua cha nini, na Tata akainuka, akavaa miwani na kuinamia kioo. Alitazama muda mrefu, akarudi nyuma, akaitazama anga pale darubini ilipoelekea, akarudi kwenye kioo.

"Limetoka pale," akasema.

"Limetoka pale, Tata."

"Na taa hazikusumbua."

"Hazikusumbua."

"Miembeni kuna taa kali kuliko hizi?"

Nikaona anakokwenda, lakini sikuwa na pa kukimbilia. "Hakuna, Tata."

"Kwa hiyo tungekaa juu ya paa la studio yako, kisha tukalala nyumbani." Akaviangalia viatu vyake. Bilali alicheka mpaka akamwaga senene.

Ni kweli tupu. Filta ile wameitengeneza kwa ajili ya watu wa mijini. Nilikuwa nayo miaka miwili nikiipeleka maporini, kama mtu aliyenunua mwavuli akawa anautembeza kiangazi. Sina la kujitetea.

Nilidhani yamekwisha. Lakini Tata alikuwa bado ameinama.

"Wekundu uko wapi?"

"Kamera haijui rangi, Tata. Inapima mwanga tu. Wekundu nauweka baadaye, kwenye kompyuta."

"Unauweka wewe."

"Lakini ndio wekundu wake! Filta inapitisha nyekundu peke yake. Kilichopita hapo lazima kiwe chekundu."

"Sawa. Mlinzi akiruhusu walimu tu getini, aliyeingia ni mwalimu. Hilo nakubali. Lakini shati lake umelipaka mwenyewe." Akafungua daftari. "Kamera haikuona wekundu. Macho yako hayakuona. Nani aliona?"

"Sayansi inasema..."

"Sayansi haikuja Ngenge. Tumekuja mimi na wewe na Bilali." Akaandika kitu, akakata kitu kingine kwa mstari mmoja ulionyooka. "Mwizi nimefuta. Nimeandika mwongo."

Akakunja kiti akaenda kulala. Nilibaki na picha ishirini nyingine za kupiga, na mwanamke wa watu anapepea kanga, na sikujua kama nilikuwa nimeshinda au nimeshindwa.

Kurudi

Kurudi hakukuwa na mengi. Tuliwala senene wa Ma Koku, waliokaangwa kwa chumvi na vitunguu, njia nzima hadi lami. Kemondo Tata alimwambia mwanafunzi wake tuna haraka. Mimi nilikuwa nyuma na ndoo tatu, nimekasirika vibaya, na nikafanya uamuzi: Krismasi nitapeleka picha ya kijivu. Bila rangi hata tone. Asije mtu akasema nimepaka.

Kagondo, mezani

Niliziunganisha zile picha zikawa moja, nikaitia fremu, nikaitundika mwenyewe ukutani kwa Tata asubuhi ya Krismasi, kabla ya ibada. Kaka zangu walikuwa wamefika na vitambi vyao. Baada ya chakula wote waligeukia ukuta. Shangazi yetu, dada mkubwa wa Tata, alisogea karibu.

"Hiki nini? Ukoko?"

Watu wakacheka. Kaka mkubwa akauliza kama hiyo ndiyo ile picha ya kwenye mnada, ile ya kesi. Tata aliweka kijiko, akajifuta mdomo, akasimama.

"Hiyo ni picha," akasema. "Mimi nililiona lenyewe. Ngenge, kwa Ma Koku. Nilisimama uwanjani, nikainua macho, lilikuwa juu ya mabati. Kubwa hivi." Akapanua mikono. "Jekundu kama nyama mbichi."

Nilidhani sikusikia vizuri. Mzee wa kanisa. Mwalimu mkuu mstaafu. Kaka zangu walikuwa wamefungua midomo, wake zao wanatikisa vichwa, na mmoja akasema Bwana asifiwe. Hakuna aliyemwuliza nani mwingine aliliona. Kisha Tata akanigeukia, macho kwa macho, na katika macho yale niliona kitu ambacho sikuwahi kukiona: alikuwa ananiomba.

"Au siyo, Mujuni?"

"Ndivyo ilivyokuwa, Tata," nikasema.

Shangazi aliitazama tena fremu, akanitazama mimi, akakunja uso. "Sasa kama lilikuwa jekundu, mbona wewe umetuletea hili la majivu? Halisi umelificha wapi?"

Meza nzima ikanigeukia ikisubiri jibu. Tata akaja nyuma ya kiti changu, akaniwekea mkono begani, mzito, na hakuuondoa.

"Mwacheni mwanangu," akasema. "Huyu si mwizi wala si mwongo. Ni vile tu hajajaliwa macho kama yangu."